Enyi Watu wa Visiwa, Daini Karakana

Kila Ijumaa, katika visiwa vya Lamu, kutoka Amu mpaka Kiwayu, watu husoma Suratul Kahf. Wengi wetu tuliihifadhi chuoni tungali wadogo, na ulimi huenda nayo wenyewe bila kuuliza. Basi Ijumaa ijayo ukifika kwenye habari ya Dhulqarnaini, usipite mbio. Simama hapo. Ipo kaumu dhaifu iliyokaa baina ya milima miwili, inasumbuliwa na Yajuju na Majuju mpaka imechoka. Akapita kwao mfalme mwenye nguvu, wakamwendea na pendekezo: sisi tutakulipa, wewe tujengee kizuizi. Waliona shida yao ni ya fedha. Wachange, mgeni ajenge, wao wakae nyuma ya ukuta wakiwa salama.

Mfalme akaikataa fedha yao. Alichotaka kwao ni nguvu zao. Akawaagiza wamletee chuma, kikajazwa mpaka pengo la milima likawa sawa, akawaamrisha wavukute moto mpaka chuma kikaiva kikawa moto, kisha akataka shaba iliyoyeyuka aimwage juu yake. Angalieni, ndugu zangu, namna Mwenyezi Mungu alivyotuhifadhia hata hatua za kazi: nini kwanza, nini pili, nini mwisho. Kaumu ile tumeambiwa ilikuwa karibu haifahamu neno. Nami nasema, kwa ufahamu wangu, haikutoka pale kama ilivyoingia. Mtu aliyevukuta ule moto kwa mikono yake alirudi kwake anajua chuma kinaiva vipi, na mwanawe akajua, na mjukuu akajua.

Hilo ndilo neno langu kwenu, watu wa Amu na Shela, wa Matondoni na Kipungani, wa Pate, Siyu, Faza, Kizingitini na Ndau, na nyinyi wa bara, Mokowe, Hindi, Witu na Mpeketoni, mnaosali msikitini na mnaosali kanisani. Sisi tumejengewa. Mikono yetu haijatakwa. Na ikiwa hakuna aliyeitaka, basi wajibu wetu ni kuileta wenyewe na kuidai kazi.

Tarehe 2 Machi 2012 viongozi watatu walikuja kwetu, Mwai Kibaki, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia, wakauzindua mradi wa LAPSSET: bandari, reli, barabara na bomba la mafuta la kuunganisha pwani yetu na nchi hizo. Tarehe 20 Mei 2021 Uhuru Kenyatta akalifungua gati la kwanza. Leo magati matatu yamekamilika katika Ghuba ya Manda, kila moja lina urefu wa mita 400, na mfereji wa meli umechimbwa kufikia kina cha mita 17.5. Mpango mzima ni wa magati mengi zaidi ya hayo. Waliojenga ni kampuni ya China Communications Construction Company, na kazi waliyoifanya ni kazi ya wahandisi kweli. Siwasemi kwa ubaya. Wao walisoma, wakapimwa, wakakosea katika maabara za kwao mpaka wakaacha kukosea, ndipo wakaja kwetu.

Na sisi tulitakiwa kutoa nini? Tulitakiwa ardhi, ikatoka. Tulitakiwa bahari, maeneo ambayo babu zetu walitega nyavu na madema, nayo ikatoka. Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Hukumu ile ilikuwa haki, na waliopigania kesi ile kwa miaka yote wanastahili dua zetu. Lakini fidia ni malipo ya kitu kilichoondoka. Italiwa. Mtoto aliyezaliwa Kizingitini mwaka huu hataikuta. Yeye atakuta kreni ndefu upande wa pili wa maji, na ataishi maisha yake yote akizitazama. Atazitazama kama mtu anayejua kwa nini kreni ile haipinduki ikiinua kontena, au atazitazama kama tulivyozitazama sisi? Jawabu la swali hilo liko mikononi mwetu, tena sasa hivi.

Wapo vijana wetu waliopewa ufadhili wakasomea kozi za kazi za bandari. Kila aliyefanikisha hilo Mungu amlipe. Lakini kuendesha mtambo na kuuunda ni mambo mawili. Kozi ya kuendesha humpa kijana ajira mpaka siku mtambo utakapobadilishwa. Uhandisi humpa uwezo wa kuwa yeye ndiye anayeubadilisha. Na mpaka leo hakuna mahali katika visiwa hivi ambapo kijana anaweza kuanza shahada ya uhandisi mwaka wa kwanza na kuimaliza bila kuvuka maji. Bandari iko kwetu, elimu yake iko mbali. Tumeridhika na hilo kwa muda mrefu mno.

Asije mtu akatuambia kwamba uhandisi si asili yetu! Nendeni Manda. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba pale alikuta kuta za kuzuia bahari zilizojengwa karne ya 9 au ya 10 kwa mawe makubwa mno ya matumbawe, mengine ya uzito wa kufikia tani nzima. Nani aliyabeba? Kwa mhimili gani, kwa kamba gani, kwa hesabu gani? Nendeni Shanga, kisiwani Pate, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980 akakuta misikiti imejengwa mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ya miti, ya baadaye ya mawe, kuanzia karne ya 8. Wale ni watu waliojifunza kwa kujenga, wakabomoa kilichoshindwa, wakajenga bora kuliko cha mwanzo. Hiyo ndiyo kazi ya utafiti, waliifanya hata kabla ya Nairobi kuwepo.

Ingieni katika nyumba yoyote ya zamani ya mtaa wa Mkomani. Mbona vyumba ni virefu na vyembamba? Kwa sababu fundi aliijua boriti ya mkoko. Alijua kwamba ikivuka mita tatu au karibu yake, chini ya dari zito la mawe na chokaa, itapinda. Basi akaipa nyumba upana ambao boriti inauweza, akapata urefu upande wa pili. Chokaa ile aliipata kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuu la magogo, akaiacha ipigwe na umande na mvua mpaka ikapoa na kukomaa, hakuwa na haraka. Kuta hizo ndizo zilizoufanya mji wetu uingizwe na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Dunia nzima imekubali kwamba babu yako alikuwa mhandisi. Wewe unamtafutia mwanao kazi ya kubeba mizigo ya watalii.

Tena sikilizeni habari ya mtepe, maana ndani yake mna onyo. Jahazi hilo Wabajuni walilishona kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na tanga lake likiwa la mkeka, likasafiri pwani hii kwa karne nyingi. Katika karne ya 20 likatoweka. Hakuna chuo kilichokuwa kimechora mkuku wake na mishono yake kwa vipimo. Mwaka 2003 Zanzibar walipotaka kulijenga tena ili watu walione, ilibidi wategemee vielelezo vidogo, picha na maelezo ya zamani. Elimu ya karne nyingi ilikuwa imezikwa na mafundi wake. Na Jumba la Ajabu lenyewe ambamo mtepe ule uliwekwa, jengo la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Majengo ya pwani yanatuanguka, vyombo vya pwani vinatusahaulika, nasi tunasema ni kadari. Kadari gani hiyo ambayo hatukuifanyia kazi?

Sisemi haya kama mtu anayelilia zamani. Fundi wetu bado yuko hai. Mwaka 2018, mwezi wa Septemba, mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishusha majini jahazi la mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa fukweni, tani kama 10 za plastiki, likafunikwa kwa kandambili za rangi rangi, wakaliita Flipflopi. Mapema mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Hebu fikirini kazi waliyokuwa nayo wale watu. Plastiki si mbao. Hutanuka kwa jua kuliko mbao, hupinda pale ambapo mbao ingekaza, msumari hauishiki kwa namna ileile. Kila taruma na kila ubao vilikuwa swali jipya, na waliyajibu maswali hayo kwa tezo, randa na keekee, kwa kujaribu na kurudia. Je, ingekuwaje kama pembeni ya gogo lao pangekuwa na mashine ya kuupima ubao ule unavunjika kwa uzito gani? Ingekuwaje kama binti wa Siyu anayesomea shahada angekaa nao, akaandika kila jaribio, likawa somo la kufundishwa Kisumu na Dar es Salaam?

Basi hapo ndipo pa kuanzia: karakana na maabara ambamo mwanafunzi, mtafiti na fundi wanafanya kazi pamoja.

Nawakumbusheni ilivyotokea mara ya kwanza pwani yetu. Mwaka 1948, Waislamu wa Afrika Mashariki walipokuwa nyuma katika elimu ya ufundi, ilianzishwa Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyoitwa kwa kifupi cha Kiingereza MIOME. Alitoa Aga Khan. Alitoa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Haroub. Walitoa Mabohora. Ikatoa na serikali ya kikoloni. Ismaili, Ibadhi, Bohora, wote waliweka mkono katika msingi mmoja kwa ajili ya watoto wa kufundishwa umeme na mitambo! Wanafunzi wa kwanza wakaingia Mei 1951. Baada ya uhuru milango ikafunguliwa kwa Wakenya wote bila kujali dini wala rangi. Mwaka 1966 ikawa Chuo cha Ufundi cha Mombasa, mwaka 1972 Politekniki ya Mombasa, mwaka 2007 chuo kikuu kishiriki, na Januari 2013 kikapata hati kamili kama Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kina tawi hapa kwetu Lamu. Kule Mombasa kinafundisha uhandisi wa majengo, wa umeme, wa mitambo, hata wa vifaa vya hospitali.

Wazee wetu waliijenga karakana ile kwa ajili ya dunia waliyoiona mbele yao. Dunia hiyo imebadilika. Karakana ya uhandisi huzeeka upesi kuliko ukumbi wa mihadhara, kwa kuwa mashine zilizokuwa mpya baba alipokuwa mwanafunzi hazimfundishi mwana kazi ya leo. Kwa hiyo kuijenga upya si anasa, wala si kazi ya kumaliza kwa kukata utepe mara moja. Ni deni la kila kizazi. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 imeipa Bodi ya Wahandisi Kenya mamlaka ya kuikubali au kuikataa shahada ya uhandisi, na miongoni mwa vinavyoangaliwa ni maabara na karakana. Shahada isiyo na karakana humwacha kijana nje ya mlango wa kazi akiwa na karatasi mkononi, baada ya mama yake kuuza mbuzi na dhahabu.

Niliwahi kuingia katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi, sitakitaja. Palikuwa na mashine nzuri ya kukereza chuma imefunikwa turubai. Kifaa chake kimoja kilivunjika, kikaagizwa, hakikuja. Wanafunzi walikaa kuizunguka wakiichora kwenye madaftari: hapa panaitwa hivi, hapa panaitwa vile. Watoto wenye akili kali, wenye hamu, wakichora mashine badala ya kuiendesha! Nilitoka pale moyo unaniuma, na mpaka leo unaniuma. Dhuluma ni pamoja na hiyo: kumpa mtu jina la kitu na kumnyima kitu chenyewe.

Sasa karakana ya Lamu itafanya kazi gani? Kazi iko tele, imetuzunguka, inatungoja.

Anzeni na chumvi. Kila anayejenga Amu kwa saruji na nondo anajua kwamba baada ya miaka si mingi nguzo hupasuka na kumwaga kutu. Sababu yake inajulikana. Nondo ndani ya zege hulindwa na ukali wa saruji yenyewe. Chumvi ya bahari ikipenya, au ikiwa ilikuwamo tangu mwanzo katika mchanga wa pwani usiooshwa, ulinzi huo huvunjika, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza, basi zege hupasuliwa kutoka ndani. Na pale tunapoupaka saruji ukuta wa zamani wa matumbawe na chokaa, tunauziba pumzi. Unyevu uliokuwa ukitoka polepole kupitia chokaa hubaki ndani, chumvi hujikusanya, jiwe huanza kumung'unyika nyuma ya plasta inayong'aa. Je, ni mchanganyiko gani wa chokaa na saruji unaofaa kwetu? Ni mchanga wa wapi uoshwe mara ngapi? Mtu wa Munich hawezi kuyajibu hayo, hewa yake si yetu. Yanahitaji matofali ya majaribio yapangwe ufukweni Mokowe na Kizingitini, yapigwe na kusi na kaskazi mwaka baada ya mwaka, yavunjwe kwa mashine na kuandikwa. Mwanafunzi anaweza kulianza jaribio hilo mwaka wake wa kwanza akalikabidhi kwa mdogo wake anapohitimu. Matokeo yake yatafaa kutoka Kismayu mpaka Sofala, na hata magati yale yenyewe yatayahitaji, kwa sababu chumvi haichagui baina ya nyumba ya mjane na mradi wa mabilioni.

Njooni kwenye maji ya kunywa. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela huzama, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yaliyo chini ya kisiwa. Wataalamu wana hesabu yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Maana yake ni nzito. Ukiyavuta maji kwa pupa mpaka yakashuka mita moja, huenda umepoteza hazina ya mita 40, na chumvi inapanda kisimani. Hoteli zinaongezeka, watu wanaongezeka, bandari inaleta wengine. Nani anayepima visima vile kila mwezi? Nani anayechora ramani ya chumvi inavyosogea? Kazi hiyo ingekuwa ya wanafunzi wa uhandisi wa maji, watoto wa Amu wenyewe, wakiwa na vifaa vya kupimia na kompyuta ya kuchora. Wakati huohuo wangezifufua jabia za Pate na Siyu, ambazo wazee walizijenga kuhifadhi mvua, na wangeangalia kwa nini nyingine zinavuja na nyingine hazivuji.

Sijagusa boti zinazopinduka na watu wetu, mashine zikiwa na nguvu kupita umbo la chombo, abiria wakiwa wengi kupita usawa wake. Kila mwaka tunazika. Utulivu wa chombo majini hupimika, hukokotolewa, hujaribiwa kwa kielelezo kwenye birika refu la maji kabla mbao haijakatwa. Wala sijagusa barafu, ingawa mvuvi wa Kiwayu anaitupa sehemu ya riziki yake kwa kukosa mtambo mdogo wa barafu unaokwenda kwa jua, jua ambalo halikosekani kwetu. Nyinyi mnayajua haya kunishinda.

Sasa nasema na kila mmoja kwa zamu yake, na asikasirike mtu.

Nyinyi wakuu wa chuo kile cha Mombasa: jengeni upya karakana zenu za Tudor, ndiyo, lakini mguu mmoja wa karakana hiyo uwe kwetu, ufukweni, wala si chumba cha kukodi juu ya duka. Nionavyo mimi mahali pake ni Mokowe, ambako barabara, umeme na jahazi hukutana na bandari iko karibu. Kila mwanafunzi wa uhandisi atakayehitimu pwani akae muhula mzima hapo kabla ya kupewa cheti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani, mafunzo ya vitendo viwandani yaliwekwa ndani ya ratiba, hayakuachwa kuwa hiari. Fanyeni hivyo nasi. Na fundi wa Matondoni aingie humo kama mwalimu, alipwe kama mwalimu, aketi kwenye kiti cha mwalimu. Msimwite siku ya maonyesho apigwe picha kisha arudishwe kwao kwa nauli.

Nyinyi mafundi: nawaheshimu, nanyi ndio ninaowaogopa kuwaambia, lakini nitawaambia. Acheni kuificha kazi. Najua kwa nini mnaificha: wengi wamekuja na kalamu, wakachukua, hamkuwaona tena. Lakini siri mnayoondoka nayo kaburini haimfai mwanao. Mtepe umetufundisha.

Nyinyi wazazi: binti anayezijua hesabu msimtoe darasani. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18, na mnajivunia habari zake barazani. Basi msichana anayeweza kutawala mji anaweza kutawala mtambo. Mpeni nafasi, mpeni bweni la heshima karibu na karakana, na chuo kikishindwa kulijenga bweni hilo, ulizeni kwa sauti kubwa.

Nanyi masheikh wetu, walimu wa msikiti wa Riyadha na vyuo vyote vilivyotoka humo. Habib Swaleh alikuja Amu mgeni kutoka Ngazija, akawafundisha hata wale ambao waungwana wa wakati ule hawakuona kama wanastahili elimu, na leo dunia inakuja kwenye Maulidi kwa sababu ya kazi ile. Mnatuhimiza kuweka wakfu, nasi tumeweka: misikiti, visima, mashamba ya minazi, nyumba ambazo kodi yake hulipa taa ya msikiti. Semeni basi mimbarini kwamba karakana nayo yafaa wakfu. Mashine ya kukereza iliyowekwa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, kila kijana atakayejifunzia hapo, kila kisima atakachokitengeneza, kila boti itakayofika salama kwa hesabu yake, kwa nini isiwe sadaka inayoendelea? Nabii Nuhu alifundishwa kujenga safina. Nabii Daudi alilainishiwa chuma akafundishwa kutengeneza deraya. Manabii wa Mwenyezi Mungu walishika ubao na chuma kwa mikono yao. Tajiri wa Amu aliyeko Mombasa, Jeddah au Muscat, anayeuliza kila Ramadhani apeleke wapi sadaka yake, mwambieni. Mpeni jina la mashine na bei yake.

Najua wako watakaosema: hilo ni jukumu la serikali. Ni kweli, ni jukumu la serikali, na wakfu wetu hauiondolei hata senti moja ya jukumu hilo. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, na vyuo vikuu vimebaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo usimwendee gavana kudai kitivo, wala usimwendee waziri kudai paa la chuo cha kijiji. Kaunti idaiwe viwanja, maji, umeme, vyuo vidogo vya kuwaandaa vijana wafike chuo kikuu wakiwa wameshashika patasi. Nairobi idaiwe maabara, wahadhiri na fedha za utafiti. Mamlaka ya bandari idaiwe milango iwe wazi: mwanafunzi aingie gatini, aone, apime, aulize, na wahandisi wa bandari wakae naye saa za kutosha. Bandari iliyochukua bahari yetu haiwezi kutufungia mlango wa elimu yake.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na vikao vya kuwasikiliza wananchi huitishwa. Vikao hivyo mara nyingi hukaliwa na watu wachache waliofuata chai na nauli. Safari hii visikaliwe hivyo. Mkafunge madrasa na soko asubuhi ile. Wavuvi na waje, akina mama wa Mkomani na Langoni na waje, wakulima wa Mpeketoni na waje na wachungaji wa makanisa yao, na mafundi wakae safu ya mbele. Ulizeni karakana imeandikwa ukurasa gani, kwa shilingi ngapi, na nani atakayetia saini. Wakijibu kwamba haimo, msitoke ukumbini mpaka karani aandike katika kumbukumbu za kikao, kwa tarehe na majina, kwamba watu wa visiwa wameidai.